Paka wa mwisho wa kipindi: mkanda wa mjomba na nakala ya mtandaoni, ipi ndiyo ya kweli?

*"Mjomba wangu aliishi Uingereza miaka ya 1980. Aliporudi Tanga alileta sanduku la mikanda ya VHS aliyorekodi mwenyewe kutoka kwenye televisheni ya huko, na ndani yake mna vipindi kadhaa vya Hill Street Blues, tamthilia ya polisi ya Marekani. Mwishoni, majina yakishapita, anatokea paka mdogo amevaa kofia ya polisi, analia nyau mara moja, basi. Utotoni nilikuwa namsubiri yule paka kuliko kipindi chenyewe. Juzi nimekipata kipindi kilekile mtandaoni: paka hayupo, kuna nembo ya 20th Television, na muziki ni mzito kuliko wa kwenye mkanda. Binamu yangu anasema mkanda wa mjomba umechezewa. Shemeji anasema yule paka ni wa MGM. Mwingine anadai kulikuwa na paka wa hospitali aliyekufa ndani ya nembo, nami siamini. Halafu mikanda miwili imeanza kuwa na unga mweupe. Nembo ya kweli ni ipi, na mikanda hii niifanyeje?"*

Ndugu yangu, nianze na lenye haraka. Mikanda miwili yenye unga mweupe usiitie kwenye deki. Kama ulipanga kuicheza leo jioni ili umsute binamu yako, ahirisha kwanza. Sababu nitaieleza huko chini.

Sasa swali lako. Nikilisoma naona wasiwasi wako si paka peke yake. Unahofia kwamba ulichokiona utotoni hakikuwa vile, au kwamba mjomba alikuachia kitu kisicho halisi. Mkanda wake ni halisi, na kumbukumbu yako iko sawa. Nakala ya mtandaoni nayo ni halisi. Zimetofautiana kwa sababu nembo ya mwisho wa kipindi haikuwekwa ili ibaki pale milele. Ni kama kibao cha jina mlangoni mwa nyumba: nyumba ikiuzwa, aliyeinunua hubandika chake, ingawa kuta alijenga mwingine. Nembo unayoiona inakwambia nani alikuwa na haki ya kukiuza kipindi siku nakala ile ilipotolewa. Nani alikitengeneza ni swali jingine, na jibu lake hupatikana kwenye majina yanayopita kabla ya nembo.

Hill Street Blues ilitengenezwa na MTM Enterprises, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1969 na mwigizaji Mary Tyler Moore pamoja na mumewe wa wakati huo, Grant Tinker. Herufi tatu za jina ni herufi za jina la mama huyo. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kipindi cha vichekesho chenye jina lake mwenyewe, kilichoanza kwenye mtandao wa televisheni wa CBS Septemba 1970. Hapo ndipo paka alipozaliwa kama nembo. Alikuwa paka wa kweli, mdogo, wa rangi ya chungwa, aliyetolewa kwenye makao ya wanyama wasio na wenyewe, akaitwa Mimsie. Shemeji yako yuko karibu na ukweli lakini hajaufikia. MTM haikuwa na uhusiano wowote na MGM. Ila studio ile kubwa ya filamu ilikuwa na simba anayenguruma ndani ya duara, na herufi MTM zinafanana sana na MGM, kwa hiyo wenye kampuni changa wakaweka kitoto cha paka palipokuwa pa simba, na badala ya ngurumo kikatoa nyau nyembamba. Kwangu mimi hiyo ni mojawapo ya nembo zilizofikiriwa vizuri kuliko zote katika historia ya televisheni, maana kwa sekunde nne au tano mtazamaji anaelewa kwamba hawa ni watu wadogo, wacheshi, wanaojiamini.

Kwa nini kampuni ndogo kama ile ilihitaji nembo yake, ilhali kipindi kinarushwa na CBS au NBC? Watu wengi hudhani kituo kinachorusha ndicho kinachomiliki. Marekani ya miaka ile haikuwa hivyo. Mwaka 1970 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilipitisha kanuni zilizozuia mitandao mitatu mikubwa ya televisheni, ABC, CBS na NBC, kujichukulia faida ya kuviuza upya vipindi vilivyotengenezwa na watu wa nje. Mtandao ulilipia haki ya kukirusha kipindi mara chache, nacho kikabaki mali ya mtengenezaji. Mara nyingi malipo hayo hayakutosha hata gharama za kukitengeneza. Mtengenezaji alivumilia hasara akitegemea kwamba baada ya miaka michache angekiuza kipindi kwa vituo vya mikoani na vya nchi za nje, tena na tena. Nembo ya mwisho ilikuwa sahihi ya mwenye mali. Kanuni hizohizo ndizo zilizoilazimisha CBS kukitenga kitengo chake cha mauzo, kikawa kampuni ya kujitegemea mwaka 1971 kwa jina la Viacom. Ndiyo maana kwenye nakala za zamani za vipindi vya mwanzo vya MTM utamwona paka, halafu nyuma yake inakuja nembo ya Viacom: wa kwanza ndiye aliyetengeneza, wa pili ndiye muuzaji.

Turudi kwa paka wako. Kwenye vichekesho vya miaka ya 1970 Mimsie alitokea kama alivyo, bila nguo. MTM ilipoingia kwenye tamthilia nzito zaidi, baadhi ya vipindi vikaanza kumvalisha cha kwao. Hill Street Blues, iliyoanza NBC tarehe 15 Januari 1981, ilimpa ile kofia ya polisi uliyoizoea. Remington Steele, kipindi cha wapelelezi kilichoanza 1982, kilimpa kofia ya kipelelezi na kiko cha kuvutia tumbaku mdomoni, na akilia kile kiko kinaanguka. Kwenye Newhart, kichekesho kilichoanza mwaka huohuo, paka hakulia kabisa: mwigizaji mkuu, Bob Newhart, alimtamkia ile nyau kwa sauti yake mwenyewe, kavu, kama mtu anayesoma neno hilo kwenye karatasi.

Na huyo wa hospitali unayekataa kumwamini alikuwepo. Kipindi kiliitwa St. Elsewhere, tamthilia ya hospitali moja chakavu mjini Boston, na kwa kawaida Mimsie alivaa kofia na barakoa ya daktari wa upasuaji. Kipindi cha mwisho kilirushwa tarehe 25 Mei 1988. Safari hii majina yalipokuwa yakipita, paka alionekana amelala, ameunganishwa na mashine ya mapigo ya moyo, inalia pi, pi, pi. Majina yalipokwisha mstari wa mashine ukanyooka na mlio ukawa mmoja usiokatika. Wengine waliona wamevuka mpaka. Mimi naona walijua wanachokifanya. Kwa miaka sita nembo ile ilikuwa imefunga kila kipindi kwa utani, na waandishi waliofikia mwisho wa kazi yao walitumia mahali hapohapo kuaga. Jamaa aliyekusimulia hakukudanganya; muombe radhi.

Mwaka huohuo wa 1988 kampuni yenyewe iliuzwa, na hapa ndipo kitendawili chako kinapofumbuka. Tinker alikuwa ameshaondoka tangu 1981 kwenda kuiongoza NBC. Mnunuzi alikuwa TVS, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa na leseni ya kurusha matangazo ya ITV, mtandao wa televisheni ya kibiashara, kusini mwa Uingereza. Kama mjomba wako aliishi upande huo basi huenda aliitazama kila siku. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 320, na mzigo huo uliielemea TVS. Katika mchujo wa leseni wa mwaka 1991 ikapoteza leseni yake, ikaacha kurusha matangazo mwisho wa 1992. Mwaka 1993 mali zake zikachukuliwa na International Family Entertainment ya Marekani, wenye The Family Channel. Mwaka 1997 hao nao wakanunuliwa na upande wa Fox wa Rupert Murdoch, na jina la MTM likazimwa muda mfupi baadaye. Machi 2019 Disney ikanunua sehemu kubwa ya Fox. Mwaka uliofuata Disney ikaliondoa neno Fox kwenye majina ya studio zake za televisheni, na 20th Century Fox Television ikawa 20th Television.

Angalia mtego ulio hapo. Kabla ya mabadiliko hayo tayari kulikuwa na 20th Television nyingine, kitengo cha mauzo cha Fox. Kwa hiyo jina uliloliona kwenye nakala yako peke yake halikwambii nakala ni ya mwaka gani. Kisome pia kile kinachoandikwa chini ya nembo: jina la kampuni mama ndilo litakalokuonyesha zama zake.

Paka anaondolewaje? Kwa urahisi wa kusikitisha. Kipindi kilitunzwa kwenye filamu, na nembo ilikuwa kipande kifupi kilichounganishwa mkiani. Mwenye mali mpya akitaka nakala za kuuza, hukatwa kipande kile kinaunganishwa kingine, au katika zama za kompyuta nembo mpya huwekwa juu ya ile ya zamani. Nakala nyingine humwacha paka na kuongeza nembo mpya nyuma yake; huo ndio uungwana, nami natamani wote wangefanya hivyo. Nyingine humfuta kabisa. Wakati mwingine kazi hufanywa haraka na ushahidi unabaki: picha ni ya kampuni mpya lakini chini yake unasikia sauti ya nembo ya zamani, au fremu mbili tatu za nembo ya kwanza zinachomoza kabla ya kufunikwa. Isimamishe nakala yako ya mtandaoni pale majina yanapoisha, uisogeze mbele fremu moja moja, huku umevaa spika za masikioni. Huenda ukakuta mkia wa paka.

Jambo lililoongeza kasi ya upotevu huu ni kwamba tangu 1994, NBC ilipoanza kuyabana majina ya mwisho upande mmoja wa skrini ili upande mwingine itangaze kipindi kinachofuata, sekunde zile za mwisho zilipoteza heshima. Watengenezaji waliendelea kuweka nembo, lakini wachache walizitazama.

Nalo suala la muziki ndilo linalonifurahisha zaidi katika barua yako, kwa sababu sikio lako limekamata kitu cha kweli ambacho wengi hukisikia wakadhani wamekosea. Vipindi vya Marekani vya aina ile vilipigwa kwa filamu inayokwenda picha 24 kwa sekunde. Televisheni ya Uingereza, kama ya Tanzania na Kenya, ilitumia mfumo wa PAL wenye picha 25 kwa sekunde. Njia nyepesi ya kuirusha filamu ilikuwa kuiendesha kwa kasi ya 25 badala ya 24. Jicho halioni tofauti. Sikio linaona, maana kila kitu kinakwenda haraka kwa takriban asilimia 4, na sauti zote zinapanda kwa kasoro kidogo ya nusu toni: kinanda cha wimbo wa Hill Street Blues, aliotunga Mike Post, sauti za polisi, hata nyau ya Mimsie. Marekani wao, kwenye mfumo wao wa NTSC, walikuwa wakirudia baadhi ya sehemu za picha ili kujaza nafasi, kwa hiyo kasi ya filamu karibu haikubadilika. Nakala yako ya mtandaoni imetolewa kwa kasi hiyo ya asili, ndiyo maana unaisikia nzito.

Jipimie mwenyewe. Chagua kipande cha kipindi kisichokatwa, chenye dakika moja kamili kwenye nakala ya mtandaoni. Kipime kwa saa kwenye mkanda mzima usio na unga. Ukipata sekunde 57 na nusu au zaidi kidogo, basi mkanda wa mjomba ulitokana na filamu iliyoendeshwa kwa 25. Ukipata 60 zilezile, sababu ya tofauti si kasi. Ukipata muda unaobadilika kila ukipima, deki yako ndiyo ya kwanza kushukiwa: mpira wake ukichoka, kasi huyumba.

Binamu yako asibezwe moja kwa moja, maana nembo za kughushi zipo. Kuna vijana wenye vipaji wanaotengeneza nembo za kubuni kwa kompyuta na kuzipandisha kama za kweli, na kuna wanaozirembesha za zamani. Lakini mkanda uliorekodiwa moja kwa moja kutoka hewani una ulinzi wake. Tazama kinachofuata baada ya paka. Kama picha inaendelea bila kukatika hadi sauti ya mtangazaji wa kituo, au tangazo la biashara la wakati ule, hiyo ni mfululizo ambao mtu wa nyumbani miaka ya 1980 asingeweza kuutengeneza. Kisha usome mstari wa hakimiliki kwenye majina ya mwisho. Mara nyingi mwaka umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi, kwa mfano MCMLXXXI ni 1981. Mstari huo ukitaja MTM Enterprises, umeshapata mtengenezaji, na hapo nembo yoyote itakayofuata haiwezi tena kukuchanganya. Utaukuta kwenye mkanda, na kama hawakuugusa, utaukuta hata kwenye nakala ya mtandaoni isiyo na paka.

Sasa mikanda. Unga mweupe kwenye kingo za utepe, unaoonekana kupitia kile kidirisha cha kaseti, mara nyingi ni ukungu, yaani kuvu, na kwa hewa ya pwani yetu sishangai. Mkanda wenye ukungu ukiuchezesha, unga huo unaganda kwenye vichwa vya deki, kisha unahamia kwenye kila mkanda utakaoingizwa baadaye. Utepe nao unaweza kushikana na kukatika. Zaidi ya hayo, vumbi lake si zuri kwa mapafu. Itenge hiyo miwili na mingine, iweke mahali pakavu penye hewa, uishike ukiwa umevaa barakoa. Usiianike juani, usiipulize, usiifungue na kuifuta kwa spiriti. Nimeona utepe ukifutika picha kabisa kwa kusafishwa na mtu mwenye nia njema.

Hiyo miwili ni ya fundi, ana kwa ana, si ya maelekezo ya kusoma. Mafundi wazuri mara nyingi ni wale waliokuwa wakipiga video za harusi enzi za mikanda, au waliofanya kazi kwenye vituo vya televisheni. Kabla hujamkabidhi muulize mambo mawili: anausafishaje mkanda wenye ukungu, na je, ana deki aliyoitenga kwa ajili ya kazi hiyo? Akikujibu kwamba ataitia tu kwenye mashine aone itakuwaje, chukua mikanda yako uondoke. Kama mjini kwako hakuna anayeweza, ni heri iendelee kungoja mahali pakavu kuliko kuharibiwa.

Ile mizima unaweza kuishughulikia mwenyewe, lakini usichelewe. Kampuni ya Japani ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016, na kila deki inayokufa inapunguza nafasi ya kazi hii. Vunja kwanza kile kibanzi kidogo cha plastiki mgongoni mwa kila kaseti, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Upeleke utepe mbele hadi mwisho na kuurudisha mara moja kabla ya kuucheza. Unaponasa kwenye kompyuta chagua PAL, picha 25 kwa sekunde. Programu nyingi huja zimewekwa kwenye 30, na ukiziacha hivyo picha itakuwa inarukaruka. Usirekebishe kasi ya sauti kwenye nakala ya kutunza. Ukitaka kusikia muziki katika uzito wake wa asili, tengeneza nakala ya pili iliyopunguzwa kasi hadi asilimia 96, na ile ya kwanza iache kama ilivyotoka. Tunza nakala mbili mahali pawili tofauti.

Na tafadhali, usikate mwisho. Mafundi wana tabia ya kusafisha kichwa na mkia wa rekodi ili ibaki kipindi kitupu, wakidhani wanakufanyia hisani. Kipindi chenyewe kimehifadhiwa na wenye nacho, utakipata kwa ubora unaozidi VHS mara nyingi. Kisichohifadhiwa na yeyote ni kile kilicho kwenye mkanda wa mjomba peke yake: namna paka alivyotokea jioni ile kwenye kituo kile, sauti ya mtangazaji iliyomfuata, tangazo lililokuja. Mwambie fundi anase kuanzia utepe unapoanza mpaka unapoisha.

La mwisho ni hakimiliki, kwa kuwa nadhani utataka kuwaonyesha wengine. Kuwa na mkanda hakukupi umiliki wa kipindi. Kujitunzia nakala ya nyumbani na kupandisha vipindi vizima mtandaoni ni mambo mawili tofauti, na la pili linaweza kukuletea malalamiko ya wenye mali. Kabla ya kupandisha chochote zaidi ya sekunde chache za nembo, waone COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kama uko huko, ukiwa na orodha ya vilivyomo kwenye mikanda, uwaulize kinachoruhusiwa.